Kutoka ‘Hujalipa’ hadi ‘Hukulipa’: Lugha ya Kumdai Mnunuzi Aliyechelewa katika Minada ya Mtandaoni

Utangulizi

Neno mnada limetokana na kitenzi nadi, chenye asili ya Kiarabu, ambacho maana yake ni kuita au kutangaza kwa sauti. Mnadi basi ni mtu wa kinywa. Husimama mbele ya watu, hutaja bei, hupokea bei, na akishagonga nyundo mara ya mwisho bidhaa huwa imepata mwenyewe. Katika mnada wa namna hiyo kuchelewa kwa malipo hakuna nafasi kubwa, kwa kuwa mnunuzi yupo papo hapo na jirani zake wamemsikia akipandisha dau. Hali ni tofauti katika mnada wa mtandaoni. Huko hakuna anayenadi. Saa ya tarakilishi hufika kikomo, mtu asiyejulikana kwa sura wala sauti huarifiwa kwamba ameshinda, kisha kimya hutanda. Siku ya kwanza hupita, ya pili hupita, na muuzaji hubaki ameshika kitu ambacho hawezi kukiuza tena wala hajalipwa thamani yake.

Makala haya yanachunguza kile ambacho muuzaji husema ndani ya kimya hicho. Mwongozo wa kibiashara hulitazama suala hili kama suala la kanuni na hesabu ya siku. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ni suala la usemi pia, na kwamba viambishi vya ukanushi katika Kiswahili vinampa mdai ngazi za kupanda hatua kwa hatua, ngazi ambazo wengi huziruka kwa hasira. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mawasiliano ya minada hii hufanywa kwa Kiingereza. Hata hivyo, sarafu na stempu za pwani ya Afrika Mashariki huweza kuwakutanisha wazungumzaji wa Kiswahili walio mbali, tuseme muuzaji aliye London na mnunuzi aliye Muscat. Mifano ya ujumbe itakayotolewa imetungwa kwa ajili ya uchanganuzi, na bidhaa inayonadiwa ni moja: sarafu ya shaba ya Zanzibar ya mwaka wa 1299 wa Hijria (1882), enzi ya Sultani Barghash, yenye picha ya mizani.

Dau kama Tendo la Usemi

J. L. Austin, katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba kuna semi ambazo haziarifu jambo bali hulitenda. Anayesema ‘naahidi’ haelezi ahadi, anaitoa. Kupandisha dau ni tendo la aina hiyo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Uingereza ya mwaka 1893, ambayo Sheria ya Kenya (Sura ya 31) inafuata mfano wake, ilitamka kuwa mauzo ya mnada hukamilika nyundo inapogonga, na kwamba kabla ya hapo mzabuni ana hiari ya kuliondoa dau lake. Pierre Omidyar alipoanzisha mnada wake wa mtandaoni huko California mwaka 1995, ambao baadaye ulijulikana kama eBay, nyundo ilibadilishwa ikawa saa. Kilichobaki ni kubonyeza kitufe. ‘Ahadi ni deni’, wahenga walinena, na hapa methali hiyo inasimama bila sitiari yoyote.

Tatizo ni kwamba ahadi ya kitufe ni nyepesi mno. Hutolewa usiku wa manane, katika joto la ushindani, bila shahidi. Kunapokucha, mshindi anaweza kuwa mmoja kati ya watu wanne walio tofauti kabisa. Huenda amesahau. Huenda anataka kulipa lakini benki imeikataa kadi yake. Huenda amejuta, ameona kwamba alipandwa na mori akapita bei aliyoikusudia. Au hakuwahi kukusudia kulipa tangu awali. Miongoni mwa wakusanyaji yupo pia wa tano, ambaye muuzaji mgeni humwelewa vibaya: yule anayewania vitu vitatu au vinne vya muuzaji huyo huyo, naye anasubiri minada yote ifungwe ili alipe kwa pamoja na gharama ya posta iwe moja. Kwake yeye kuchelewa ni busara ya matumizi. Siku ya pili muuzaji hana namna ya kujua anazungumza na yupi kati ya hawa, na ujumbe wake sharti uwafae wote.

Kiambishi -ja- na Adabu ya Kusubiri

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Kauli ‘hujalipa’ na ‘hukulipa’ zote hukanusha, lakini hazikanushi jambo moja. Kiambishi -ja- huashiria kwamba tendo halijatokea hadi wakati wa kusema, ila bado linatarajiwa; mlango uko wazi. Kiambishi -ku- huliweka tendo katika wakati uliopita na kuufunga mlango huo. Mdai anayemwambia mdaiwa wa siku mbili ‘hukulipa’ amekwisha kutoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi. (Wale wanaoandika ‘haujalipa’ wakimaanisha mtu wa nafsi ya pili, kama tunavyosoma kila siku katika simu zetu hapa Kenya, humfanya mdaiwa kuwa mti au mkufu, jambo ambalo pengine lina adabu yake ya ajabu.)

Hatua nyingine ya upole ni kumwondoa mtu katika nafasi ya kiima. Brown na Levinson (1987), katika nadharia yao ya upole, wanaeleza kwamba msemaji anayetaka kuulinda uso wa msikilizaji huepuka kumtaja kama mtenda kosa. Kiswahili kinafanya hivyo kwa wepesi. ‘Malipo hayajafika’ si ‘hujalipa’. Katika kauli hiyo fedha ndizo msafiri. Zingali njiani, na huenda aliyezikawiza ni benki. Tazama ujumbe ufuatao wa siku ya pili:

‘Salaam, ndugu mnunuzi. Hongera kwa kuipata sarafu ya mizani. Malipo yake hayajafika hadi leo asubuhi. Iwapo unasubiri vitu vingine ili vitumwe pamoja, tafadhali nifahamishe nikuwekee. Kama sivyo, ningeomba yafike kabla ya Alhamisi saa sita mchana, saa za Muscat, ili kifurushi kiondoke Ijumaa.’

Ujumbe huu haumwulizi mtu kwa nini amechelewa. Swali la ‘kwa nini’ humlazimisha mwenye haya kutunga uongo, na aliyetunga uongo huona vigumu kurudi. Badala yake umemwekea kisingizio cha heshima mezani, achukue akitaka. Neno ‘ndugu’ nalo limefaa, maana jina la kubuni la mtandaoni halimwambii muuzaji kama anaandikia bwana au bibi. Na ‘saa za Muscat’ si pambo. Tarehe ya mwisho isiyotaja mahali huzaa ugomvi, na kwa Waswahili balaa ni mara mbili: ‘saa sita’ ikisomwa na aliyezoea saa ya Kizungu huwa saa kumi na mbili. Neno ‘mchana’ ndilo linaloiokoa sentensi.

Nguvu Iliyohama

Mtu anaweza kuuliza kwa nini muuzaji ajisumbue kwa upole wote huu ilhali haki iko upande wake. Jibu limo katika historia fupi ya minada yenyewe. Mwaka 1996 eBay ilianzisha utaratibu ambao pande zote mbili ziliweza kuandikiana sifa hadharani. Kwa miaka kumi na miwili muuzaji alikuwa na fimbo: mnunuzi asiyelipa aliandikwa vibaya na dunia ikasoma. Lakini wauzaji wengine waliitumia fimbo hiyo kulipiza kisasi kwa wanunuzi waliolalamika kwa haki, na mwaka 2008 kampuni iliwaondolea wauzaji uwezo wa kuandika sifa mbaya. Siku hizi muuzaji amebaki na mambo mawili: neno la faragha, na uwezo wa kuyafuta mauzo baada ya siku nne bila malipo, ambapo kosa la mnunuzi huingia katika kumbukumbu za kampuni. Silaha ya hadhara ilipotoweka, uzito wote uliangukia neno.

Neno hilo hubadilika siku ya nne inapokaribia. Kiambishi cha sasa ni -sipo-:

‘Malipo ya sarafu bado hayajafika, na muda wa siku nne unaisha kesho jioni. Yasipofika kufikia hapo, nitayafuta mauzo na kuirejesha sarafu mnadani.’

Tanbihi kwamba sharti limefungwa kwenye malipo, ‘yasipofika’, si kwenye mtu, ‘usipolipa’. Tokeo limetajwa mara moja, nalo ni tokeo ambalo muuzaji anaweza kulitimiza kwa mkono wake mwenyewe. Wauzaji wengi hukosea hapa. Hutaja mawakili ambao hawana, polisi ambao hawatakuja, na mwisho humwita mnunuzi tapeli. Neno tapeli lina kosa moja kubwa kuliko ukali wake. Mnunuzi aliyekwisha kuitwa hivyo akilipa, atakuwa amelikubali jina. Asipolipa, angalau amebaki na hasira yake. Tusi humwondolea mdaiwa njia pekee ya kutoka aliyokuwa nayo, na muuzaji ndiye aliyeifunga.

Muda ukiisha, -ku- ina haki yake. ‘Malipo hayakufika. Mauzo yamefutwa leo.’ Sentensi mbili zatosha. Ila ‘yamefutwa’ lazima iwe kweli wakati inaposomwa: kwanza afute, kisha aseme. Anayetangaza mara tatu kwamba atafuta na hafuti huifundisha hadhira yake kwamba maneno yake ni sauti tu.

Mzabuni wa Pili

Mauzo yakifutwa, wengi humgeukia mzabuni wa pili, na hapa hesabu ina siri. Katika minada hii mshindi halipi dau lake la juu, bali kiasi kinachozidi kidogo dau la pili. Tuseme wa kwanza aliweka kikomo cha dola 60, wa pili 41, wa tatu 25. Bei ilifungwa karibu na dola 42. Wa kwanza asipolipa, wa pili hupewa sarafu kwa dola zake 41. Lakini laiti wa kwanza asingekuwepo, wa pili angeshinda kwa kiasi kinachozidi 25 kidogo tu. Tofauti ile yote imeletwa na ahadi ya mtu ambaye hakulipa. Mzabuni wa pili mwenye akili ataliona hilo, na ataanza kushuku kwamba wa kwanza alikuwa rafiki wa muuzaji aliyetumwa kupandisha bei. Kanuni inaruhusu bei ya 41. Uungwana unataka maelezo:

‘Mnunuzi wa kwanza hakulipa, na mauzo yake yamefutwa. Sarafu unaweza kuipata kwa dau lako la juu. Hulazimiki kuikubali. Usipoitaka, itarudi mnadani Jumapili na utaweza kuiwania upya kwa bei uipendayo.’

Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kinga ya mapema dhidi ya haya yote, nayo ni arbuni, fedha za kutangulizwa ili bidhaa ishikiliwe. Mnada unaomtaka mzabuni aweke njia ya malipo kabla ya kutaja dau unairudisha arbuni kwa sura nyingine. Hupunguza wasiolipa, lakini hupunguza pia wanaothubutu kujaribu, na kwa sarafu inayotafutwa na watu watatu tu duniani, kumpoteza mmoja wao mlangoni ni hasara inayoweza kuzidi kusubiri siku nne.