Kura ya Mpangaji wa Busia na Tororo: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Siku ya kura mpangaji wa Busia, mji wa mpakani upande wa Kenya, huamka alfajiri, hupanda matatu hadi kijijini Butula au Nambale, akachague mwakilishi wadi wa huko. Jioni anarudi mtaani Burumba, mjini Busia, kwenye chumba kimoja na choo cha ploti nzima, kisha analalamika miaka mitano. Tuache tabia hiyo.

Piga kura unakolala. Kenya, sheria inakuruhusu kuhamisha kura: uwe umeishi katika eneo bunge hilo miezi 6, na ombi liifikie tume ya uchaguzi, IEBC, angalau siku 90 kabla ya uchaguzi. Uganda, unaweza kujiandikisha parishi unakoishi, si lazima ya asili yako. Wapangaji wakiondoka mjini, wanaobaki kuchagua ni wenye ploti, na kiongozi humsikiliza aliyempa kura.

Usichague kwa ukoo. Mtaro uliofurika hauulizi nani Msamia, nani Mteso, nani Mjapadhola.

Muulize mgombea habari za nyumba, hadharani. Kibali cha ujenzi huchukua siku ngapi, na hukwama mezani kwa nani? Bomba la maji taka litafika mtaa gani, mwaka gani? Kiwanja gani cha umma kitajengwa vyumba badala ya kugawiwa marafiki? Asikwambie hayo ni ya Nairobi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makazi ya kufaa, na Jedwali la Nne linaikabidhi kaunti kazi ya mipango na nyumba. Na Tororo, upande wa Uganda, mji wenye kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1950, mgombea asithubutu kusema vifaa vya ujenzi viko mbali. Akijibu kwa wimbo, mwache.

Usikubali bomoabomoa iitwe kufufua mji. Machi 2020 mpaka ulipofungwa kwa sababu ya korona, tuliona jinsi mji unaotegemea wapita njia unavyokauka. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa Februari 2018 ili malori yapite upesi, na dereva asiyengoja hakodi chumba. Busia itasimama kwa wakazi wake. Anayewavunjia vibanda na vyumba kabla ya kuwaonyesha pa kwenda anaua mji.

Usipokee sukari, leso wala noti. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya Kenya ya 2016 inamshika mtoaji na mpokeaji.

Usimfuate mwenye nyumba kwenye mstari. Mwaka 2018 wapiga kura wa LC1, baraza la kijiji, nchini Uganda walipanga foleni nyuma ya wagombea, kila mtu akionekana. Najua hofu ya kodi kupandishwa kesho yake. Simameni wapangaji wote pamoja. Ploti nzima haifukuzwi kwa siku moja.

Usivuke mpaka kupiga kura kwa kitambulisho cha mwingine. Kuwa na ndugu pande zote mbili hakukupi kura mbili.

Uchaguzi mkuu wa Kenya ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Toa siku 90, na kabla ya hapo uwe umefika ofisi ya IEBC.