Kompyuta ya Nyumbani Inapozeeka: Kukarabati au Kununua Nyingine?

Kompyuta huzeeka polepole. Mwanzoni huwaka kwa dakika moja. Baada ya miaka kadhaa huchukua dakika tano, kisha kumi. Siku ambayo mtoto anataka kuchapa kazi ya shule, au mzazi anataka kufunga hesabu za duka lake, mashine huganda. Hapo familia nyingi hukimbilia dukani. Nyingine humlipa fundi mara kwa mara kwa mashine ambayo haina tena maisha marefu. Makosa yote mawili hula fedha ambazo zingelipa ada. Katika somo hili tunamwonyesha mlaji namna ya kuamua kwa hesabu badala ya hasira.

Kwanza: tambua ugonjwa

Umri pekee si sababu ya kuitupa kompyuta. Kasi yake hutegemea zaidi sehemu tatu: prosesa, ambayo ni ubongo wake, RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayobeba kazi zilizofunguliwa, na diski, ambayo ni ghala la kudumu.

Kwa kompyuta ya Windows, subiri mashine ilemewe, kisha bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha linaloonyesha kila sehemu inatumika kwa asilimia ngapi. RAM ikizidi asilimia 90, nafasi yake ni finyu. Diski ikikaribia asilimia 100 huku RAM na prosesa zimetulia, diski ndiyo inayochelewesha kazi. Prosesa ikielemewa hata na kazi ndogo, hakikisha kwanza kwamba hakuna virusi na kwamba feni haijajaa vumbi, kwa kuwa mashine yenye joto kali hujipunguzia kasi yenyewe. Ikiwa mashine ni safi na bado imelemewa, kipuri hakitasaidia sana.

Diski inayotoa mlio wa kugonga-gonga inaelekea kufa. Kabla ya jambo lingine lolote, nakili picha, vyeti na hesabu zako kwenye diski ya nje.

Pili: fahamu kipi hubadilishika

Diski za zamani zina sahani zinazozunguka. Diski za SSD hazina kitu kinachozunguka, hivyo husoma kwa kasi zaidi na huvumilia mitikisiko. Kwa kompyuta ambayo bado inatumia diski ya sahani, hakuna kipuri kinacholeta nafuu kubwa kuliko SSD. Kuongeza RAM kutoka GB 4 hadi GB 8 husaidia mashine inayoganda unapofungua kurasa nyingi za intaneti. Hata hivyo, katika baadhi ya kompyuta mpakato RAM imelehemiwa kwenye ubao mkuu na haiwezi kuongezwa. Muulize fundi kabla ya kulipia.

Betri, chaja na kibodi pia hubadilishika. Ubao mkuu na kioo ni sehemu za gharama kubwa. Zikiharibika, hesabu hubadilika.

Tatu: tazama ukomo wa usalama

Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haikuzimika siku hiyo, bali nyufa za usalama zinazogunduliwa baadaye hazizibwi tena, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza wenye muda maalumu. Kwa mlaji anayeingia benki au kutuma nyaraka zake kwa kompyuta, hilo si jambo dogo.

Windows 11 inahitaji angalau RAM ya GB 4, diski ya GB 64, kijenzi cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa iliyo katika orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel Core, kwa kawaida ni kizazi cha 8 na kuendelea. Kizazi husomwa katika namba yake: i5-6300U ni kizazi cha 6, na i5-8350U ni kizazi cha 8.

Mashine isiyokidhi masharti hayo bado inaweza kutumia mfumo wa bure kama Linux Mint, pamoja na LibreOffice kwa barua na hesabu. Hakikisha kwanza kwamba programu unayoitegemea kazini au shuleni inafanya kazi humo.

Nne: piga hesabu

Kanuni tunayopendekeza ni hii: gharama yote ya matengenezo ikizidi nusu ya bei ya mashine nyingine inayokidhi mahitaji yako, nunua nyingine. Ikiwa chini ya nusu, na ukomo wa usalama hauzuii, karabati.

Tuchukue mfano wa bei za kubuni. SSD ni shilingi 110,000, RAM ni 70,000 na ufundi ni 40,000. Jumla ni 220,000. Mashine mbadala ni 800,000, na nusu yake ni 400,000. Karabati. Lakini iwapo ubao mkuu umeungua na unauzwa 350,000, ukiongeza SSD na ufundi unafika 500,000. Hapo usiendelee kuitibu.

Tano: ukinunua iliyotumika

Mashine isiyokubali Windows 11 huuzwa kwa bei ndogo, na mnunuzi hudhani amebahatika. Soma namba ya prosesa kabla ya kusoma bei. Washa mashine bila chaja, ukae nayo dukani angalau nusu saa uone betri inavyoshuka. Jaribu kila kitufe, kamera, spika na matundu ya USB. Dai risiti ya EFD, na muda wa dhamana uandikwe. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha.

Muuzaji akikueleza sifa ambazo mashine haina, amekupotosha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza udanganyifu wa namna hiyo, nawe una haki ya kulalamika. Risiti ndiyo shahidi wako.

Sita: mashine ya zamani

Kabla ya kuiuza au kuigawa, nakili unachohitaji, kisha futa diski yote kwa programu maalumu au uitoe. Kulifuta faili kwa njia ya kawaida hakuliondoi kabisa. Mabaki ya mashine yasichomwe moto, kwa kuwa moshi wake una sumu.

Maswali ya kujipima

1. Ni sehemu ipi ya kompyuta yangu inayochelewesha kazi?
2. Je, mashine hii inaweza kupokea mfumo ambao bado unapata masasisho ya usalama?
3. Matengenezo yote yatagharimu kiasi gani, na nusu ya bei ya mashine mbadala ni kiasi gani?
4. Nakala ya kumbukumbu za familia iko wapi iwapo diski itakufa usiku wa leo?

Asiyeweza kujibu swali la nne alitekeleze hilo kwanza. Kompyuta nyingine inaweza kununuliwa. Picha za wazazi waliotangulia haziuzwi dukani.