SOMO LA MWEZI: NDEGE WA SHAMBANI NA MAJIRA YAO



Sisi wakulima wa Dodoma na Ugogo yote tuna majira mawili makubwa: mvua, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, na kiangazi kwa miezi iliyobaki. Ndege nao hufuata majira hayo. Imetupasa kuwajua, maana wengine ni wasaidizi wetu na wengine ni wezi wa chakula. Asiyewatofautisha atawaua walinzi wake.

1. Mvua inapoanza
Tazama korongo wanaotembea polepole mashambani. Wako wa aina mbili. Korongo mweupe ana kimo cha karibu mita 1, mdomo na miguu myekundu, na ncha nyeusi za mabawa. Huyu huzaliana Ulaya, akaja kwetu kukimbia baridi ya huko. Wa pili ni mdogo zaidi, mweusi mgongoni na mweupe tumboni. Miguu yake ni ya kijivu, ila magotini ni mekundu. Huyu huzaliana kaskazini mwa ikweta, toka Senegali hadi Ethiopia, kisha hufuata mvua kuja kusini. Wote wawili hula panzi, nzige na viwavijeshi. Ukiona korongo wengi wamekusanyika mahali pamoja, nenda ukakague majani: huenda viwavi wameanza.

2. Katikati ya mvua
Mbayuwayu mwenye koo jekundu la kutu, mgongo wa buluu iliyoiva na mkia wa panda ni mgeni kutoka Ulaya na Asia. Uzito wake ni kama gramu 20 tu. Hajengi kiota kwetu; wale wanaojenga kwa udongo chini ya mapaa yetu ni ndugu zake wenyeji. Wote hula wadudu warukao.

3. Nafaka inapokomaa
Sasa mtama na uwele huvamiwa na kwelea. Wengi huita kila ndege mdogo kwelea, lakini sivyo. Kwelea ni wa kahawia mwenye michirizi, mdomo wake mnene na mara nyingi mwekundu. Dume wakati wa kuzaliana huwa na uso mweusi. Huruka kwa makundi makubwa yanayojipinda kama moshi. Kwera wa manjano, afumaye viota vya kuning'inia, ni mwingine. Kwelea mmoja hula kama gramu 10 za mbegu kwa siku. Basi kundi la milioni 1 humaliza tani 10.

4. Tufanye nini?
Ukiona malalo ya kwelea, mwarifu Bwana Shamba mapema. Usitege sumu mwenyewe. Sumu haichagui: humwua kwelea, na mwewe amlaye. Ndege waliokufa kwa dawa wasiokotwe kuwa kitoweo. Tena tuwakataze watoto kuwapiga korongo kwa manati. Nabii Yeremia (8:7) alimtaja korongo kuwa ajua majira yake. Itakuwa aibu mwenye shamba asiyajue.

Maswali ya kujadiliana
(a) Korongo wa aina gani wameonekana mtaani kwetu, na mwezi gani?
(b) Kwelea hulala wapi karibu na mashamba yetu?
(c) Nani atawafundisha vijana kuwatofautisha kwelea na kwera kabla ya mavuno?