Lori Litetemekapo kwa Mwendo

Lori huteremka na ndizi kutoka mashamba ya Nkoaranga au Poli, likishika njia ya udongo polepole, wala dereva haoni kasoro yo yote. Likisha kuingia barabara ya lami pale Tengeru na kuongeza mwendo kuelekea Arusha, mara usukani huanza kutetemeka mikononi mwake. Akipunguza mwendo, hutulia, akiongeza, hurudi. Aghalabu mwenye gari hukimbilia dukani kununua matairi mapya, na baada ya kutoa fedha nyingi huliona gari latetemeka vile vile. Basi twataka kueleza jinsi ya kutafuta sababu kabla ya kufungua mfuko.

Yapasa kufahamu kwanza kwa nini ubaya huu hungoja mwendo. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi kwa kufunga jiwe dogo katika kamba na kulizungusha: kadiri azungushavyo upesi, ndivyo mkono uvutwavyo kwa nguvu. Mwendo ukizidi mara mbili, mvuto huzidi mara nne. Sasa fikirini tope la Meru, linatalo kama gundi wakati wa masika, kisha likikauka huwa gumu kama tofali. Kipande cha nusu kilo kikiganda upande mmoja ndani ya ringi ya lori kubwa, katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa kitavuta kama uzito wa kilo 6 hivi. Katika mwendo wa 80, kama kilo 23 hivi, tena huku na huku zaidi ya mara sita kila sekunde. Ndiyo maana lori lililo kimya mlimani hupiga kelele likifika lami.

Kwa hiyo simamisha gari mahali tambarare, tia mawe mbele na nyuma ya magurudumu, ukaze nati zote kabla ya jambo lingine. Michirizi ya kutu itokayo kwenye nati ni dalili ya kulegea, nayo ni hatari kupita yote tutakayotaja, kwani gurudumu lililochomoka halichagui nani asimamaye kando ya njia. Kisha kwangua tope ndani ya ringi, tazama kama kuna jiwe lililobanwa kati ya matairi pacha ya nyuma, na upapase matairi ujue kama yana nundu au yamelika kwa mabaka. Mara nyingi kazi huishia hapo, bila gharama ila jasho.

Likitetemeka bado, dereva na aulize mwili wake. Mtetemo ulio katika usukani hutoka magurudumu ya mbele. Ulio katika kiti na sakafu hutoka nyuma, au katika shafti ndefu ipelekayo nguvu kwenye difu. Shafti huzunguka mara kadhaa gurudumu likizunguka mara moja. Kwa hiyo mtetemo wake ni wa upesi, kama mvumo usikiwao nyayoni. Ukizidi lori linapovuta mzigo mlimani, zitazameni krosi na beringi ya katikati. Tumeona pia shafti iliyofunguliwa kwa matengenezo ikarudishwa bila alama, krosi zake zisikabiliane kama zamani. Gari lililokuwa zima likatoka gereji likitetemeka. Fundi apige alama ya rangi kabla ya kufungua.

Ili kuitenga injini, endesha mwendo ule ule kwa gia ya chini zaidi, iwapo injini yaweza kuustahimili. Mtetemo usipobadilika, kosa li katika magurudumu au shafti. Ukibadilika, simama, weka gia huru, ukanyage mafuta: likitetemeka limesimama, tazama injini na raba ziishikazo. Walakini gia huru isitumiwe kamwe katika mteremko. Na mtetemo ujao wakati wa kukanyaga breki tu, aghalabu ni wa dramu.

Madereva wengine hutuambia, "Ukipita 80 latulia." Ni kweli mara nyingine, kwa kuwa springi haziitikii tena pigo lile, lakini mvuto wenyewe umezidi, na beringi zaendelea kupigwa dereva asipohisi.