Mgonjwa wa Kisukari na Chai ya Jumapili

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaketi nawe mezani Jumapili asubuhi, mnaporudi kutoka Misa ya kwanza. Chai ya maziwa inachemka, vitumbua vimepikwa tangu alfajiri, majirani na wanajumuiya wanakaribishwa. Ni desturi njema, nasi hatuna nia ya kuivunja. Ila katika jumuiya nyingi yupo mtu mwenye kisukari, na kwake asubuhi hiyo ina hatari mbili: moja kabla ya kula, nyingine wakati wa kula.

Kabla ya Misa

Wazee wetu walifundishwa kufunga tangu usiku wa manane kabla ya kukomunika. Mwaka 1953 Papa Pio XII aliruhusu kunywa maji, mwaka 1957 akaweka mfungo wa saa tatu kwa chakula, na mwaka 1964 Papa Paulo VI akaupunguza uwe saa moja. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 919, inashika saa hiyo moja, nayo huhesabiwa kabla ya Komunyo, siyo kabla ya Misa kuanza. Maji na dawa havivunji mfungo. Tena wazee, wagonjwa na wanaowauguza wanaweza kukomunika hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo. Hata hivyo, wapo wanaojidunga insulini alfajiri na kwenda kanisani na tumbo tupu, wakidhani ndiyo heshima kwa Sakramenti.

Hapo ndipo penye hatari. Insulini, na baadhi ya vidonge kama glibenklamaidi, hushusha sukari ya damu hata kama mtu hajala. Misa ya saa 12 asubuhi ikiwa na ubatizo na matangazo marefu, inaweza kufika saa 2 na zaidi. Sukari ikishuka chini ya 4 katika kipimo cha kliniki, mgonjwa hutoka jasho jembamba, hutetemeka, moyo humwenda mbio, maneno humchanganyika. Walio karibu huweza kumdhani mlevi, au wakaanza kumkemea pepo. Kumwombea ni vizuri, lakini apewe sukari kwanza.

Kama anaweza kumeza, koroga vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari katika maji, anywe. Au apewe nusu glasi ya soda ya kawaida. Ngojeni dakika 15. Asipopata nafuu, rudieni. Akipata nafuu, ale chakula. Aliyezimia asimiminiwe chochote kinywani, wala asidungwe insulini. Alazwe ubavu, akimbizwe hospitali. Mwenye kutumia dawa hizi awe na pipi mfukoni siku zote, hata kanisani.

Mezani

Hatari ya pili huja na upendo. "Kula bwana, leo Jumapili! Kitumbua kimoja kitakufanya nini?" Mgeni anaona haya kukataa, anakula vitano, kisha nyumbani anameza vidonge mara mbili kwa siri ili kulipia kosa. Kuongeza dawa hivyo kunaweza kumwangusha usiku, wengine wakiwa wamelala.

Hebu tuhesabu sukari. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi. Kilichorundikwa huweza kuwa na mara mbili yake. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongeza isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata katika chakula. Kwa mtu mzima ni kama gramu 50 kwa siku, yaani vijiko 12, na ikiwa nusu yake ni bora zaidi. Huo ni ushauri kwa watu wote, wazima pia. Anayekunywa vikombe viwili vyenye vijiko vitatu vitatu ameshamaliza nusu ya vijiko hivyo 12 kabla ya kugusa kitumbua.

Wala usidanganyike kwamba asali au sukari guru haina neno kwa mgonjwa. Zote hupandisha sukari. Mchele wa kitumbua nao ni wanga, hugeuka sukari mwilini hata usipotia sukari kabisa. Kwa hiyo mgonjwa hakatazwi kitumbua, ila ale kimoja au viwili pamoja na yai au maharage, na chungwa zima badala ya glasi ya juisi.

Mama mpishi anaweza kusaidia sana bila kumtenga mtu kwa sahani yake peke yake, jambo linalowaudhi wagonjwa wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Pika chai bila sukari, uitie tangawizi na iliki, bakuli la sukari likae mezani kila mtu ajitilie. Katika vitumbua, kama umezoea kikombe cha sukari, tia nusu; tui na iliki vitaleta ladha, na hamira huumua hata kwa sukari kidogo. Tui lina mafuta yake, basi kikaangoni tia matone machache tu.

Anayetumia dawa asibadili saa zake mwenyewe kwa ajili ya Misa ya alfajiri. Siku ya kliniki amweleze daktari saa anayoamka, saa Misa inapokwisha, na saa wanayokunywa chai nyumbani, ili wapange pamoja.