Vifuniko 10 vya Kujifunzia Hesabu

Mzazi, mtoto wa PP1 hahitaji vifaa vya bei ghali ili ajifunze nyumbani. Kusanya vifuniko 10 vya plastiki vya chupa za maji na soda, uvioshe. Mwambie avipange kwa rangi, kisha avihesabu akigusa kimoja kimoja. Funika vitatu kwa kikombe, umwulize: "Vimebaki vingapi?" Hapo ameanza kujifunza kutoa. Herufi aziandike kwa kidole mchangani kabla ya kushika penseli. Dakika 10 kila jioni zinatosha.

Tahadhari: kifuniko kinaweza kumkwama kooni mtoto wa chini ya miaka 3. Mkimaliza, mhesabu tena pamoja. Vikitimia 10, viweke juu, mdogo wake asivifikie. Kikipungua kimoja, kitafuteni mpaka kipatikane.