Kila Mtoto Atajwe kwa Kazi Yake

Fungu la kusoma kwanza: Warumi 16:1–16



Mwezi wa Septemba unapokaribia, kila kijiji chenye shule ya msingi huanza pilikapilika. Wanafunzi wa darasa la saba wanajiandaa kwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, na wazazi wanajiandaa kwa mahafali. Jioni kwaya ya shule husikika ikifanya mazoezi, ngonjera hukaririwa chini ya mwembe, na mtoto aliyechaguliwa kusoma risala huisoma mpaka mama yake naye aijue kwa moyo. Ni siku njema. Ni mara chache katika mwaka walimu, wazazi, wazee wa kijiji na watoto huketi pamoja kwa furaha namna hiyo.

Katika somo hili twataka kuuliza swali moja tu: Siku hiyo tunasifu nini? Swali laonekana dogo, lakini watoto husikiliza sana siku ile. Lile tunalolisifu mbele ya watu wote ndilo watakaloamini kuwa lina thamani, na lile tunalolinyamazia watadhani si kitu.

1. Kosa letu wenyewe

Sisi tuandikao tulimaliza chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980, tukafundisha katika shule za msingi mpaka tulipostaafu. Chuoni tulifundishwa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, kutunza daftari la mahudhurio, kutunga mtihani na kupanga matokeo kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Hilo la kupanga matokeo tulilijua vizuri kupita kiasi.

Mwaka mmoja katika miaka ya 1990 tulipewa kazi ya kusoma majina siku ya mahafali. Darasa lilikuwa na watoto 52. Tulisimama kando ya meza kuu na karatasi ya mtihani wa majaribio, tukasoma majina yote kwa nafasi zao. Wa kwanza alipigiwa makofi mengi, akapewa mkebe wa hesabu na madaftari sita. Kadiri tulivyoshuka, makofi yalipungua. Tulipofika kwenye jina la mwisho, la binti mmoja, watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya; walicheka kama watu waliochoka na orodha ndefu. Lakini binti yule alikwenda mezani na kurudi akiwa ameinamisha uso, na baba yake aliondoka kabla ya chakula.

Wiki mbili baada ya mtihani wa taifa, mwalimu wa darasa la pili alitueleza kuwa mwanafunzi wake mmoja, mvulana asiyeona vizuri, haji tena shuleni. Tulikwenda nyumbani kwao, tukamkuta bibi yake akipepeta mchele. Tulipokwisha kumwamkia, tulimwuliza mjukuu anaumwa nini.

"Haumwi, Mwalimu," alijibu. "Aliyekuwa akimleta shuleni amemaliza."

Aliyekuwa akimleta ni yule binti wa 52. Kwa muda wa karibu miaka miwili alipita kila asubuhi kumchukua, akashika ncha ya fimbo yake, akamvusha kijitoni na kumfikisha mlangoni mwa darasa. Wakati wa masika alimbeba mgongoni. Ndiyo sababu alichelewa mara nyingi. Na sisi, tulipokuwa walimu wa zamu, tulimwadhibu kwa kuchelewa bila kumwuliza.

Siku ile ile tulikwenda kwao. Baba yake alitutolea kiti, akasema kwa upole, "Mwalimu, si mlishasema kuwa yeye ni wa mwisho? Mnamtakia nini tena?" Tulimweleza tuliyoyasikia. Tulimwita binti, tukamwomba radhi mbele ya wazazi wake. Mvulana naye alirudi shuleni, kwa kuwa tuliwapanga watoto wa jirani wamlete kwa zamu. Hata hivyo, waliosikia sifa za binti yule siku hiyo walikuwa watu wanne tu, nasi tukiwamo. Waliosikia namba yake siku ya mahafali walikuwa kijiji kizima.

2. Namba husema nini?

Hatusemi kwamba mtihani ni jambo baya. Mtoto aliyejitahidi akashika nafasi ya kwanza astahili makofi yake yote, na hakuna haja ya kumnyima ili wengine wasione wivu. Twasema tu kwamba nafasi ya darasani ni kipimo cha jambo moja, nalo hata halipimwi lote.

Tuangalie mfano. Watoto wawili wamefanya mtihani wa Hisabati wenye alama 50. Wa kwanza mwaka jana alipata 46, mwaka huu amepata 47. Wa pili mwaka jana alipata 12, mwaka huu amepata 27. Tukipanga nafasi, yule wa 47 atakuwa juu na yule wa 27 atakuwa katikati, wala hakuna atakayemtazama. Lakini ni yupi aliyepanda mlima mrefu zaidi mwaka huu? Mmoja ameongeza alama 1, mwingine ameongeza 15. Wote wawili wana jambo la kusifiwa, nalo si jambo moja.

Tena, katika darasa lolote lazima mmoja awe wa mwisho. Hata watoto wote 52 wakifaulu vizuri, nafasi ya 52 itakuwa na mwenyewe. Kwa hiyo kuwa wa mwisho hakutuambii kwamba mtoto hajui kitu. Kunatuambia tu kwamba wenzake 51 wamemzidi katika karatasi ile, siku ile.

Jambo lingine husahauliwa. Mahafali mara nyingi hufanyika kabla matokeo ya mtihani wa taifa hayajatoka. Siku ile tunayokula na kuimba, hakuna ajuaye nani atachaguliwa kwenda sekondari. Basi tunachoweza kusherehekea kwa hakika ni miaka saba mtoto aliyokwisha kuishi shuleni: alivyojifunza kusoma, alivyohudhuria, alivyotunza mali ya shule, alivyokaa na wenzake.

3. Wazo hili si geni

Wenye umri wetu wanakumbuka kwamba mwezi wa Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Ndani yake alilalamika kwamba shule zilikuwa zikipima tu yale ambayo mtoto aweza kuyakumbuka na kuyaandika kwenye mtihani, na zikiwafundisha wachache kujiona bora kuliko wenzao. Alitaka kila shule iwe jumuiya inayofanya kazi, na kazi ambayo mwanafunzi ameifanyia shule na wanakijiji ihesabiwe pia. Yapo mengi katika utekelezaji wake yaliyotushinda; mashamba mengine ya shule yalikuwa adhabu kuliko elimu. Lakini swali lake halijazeeka.

Karibu na siku zetu, mwezi wa Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotoa matokeo ya kidato cha nne lilieleza kuwa limeacha utaratibu wa kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Wengine walisikitika, wakaona kuwa bidii imenyimwa zawadi. Sisi twaona kwamba jambo hilo limeturudishia kazi yetu. Ofisi iliyo mbali haiwezi kujua nani alimshika mwenzake mkono kijitoni. Anayeweza kujua ni mwalimu wa darasa, mzazi na jirani.

4. Orodha ya Mtume

Sasa tulitazame lile fungu tulilotaja juu. Wengi wetu hulipita haraka, kwa kuwa laonekana ni orodha ya salamu tu. Lakini lisomeni polepole. Mtume Paulo anawataja watu kwa majina, na karibu na majina mengi ameweka neno la kueleza kile mtu huyo alichofanya. Fibi aliwasaidia wengi. Priska na Akila walihatarisha maisha yao. Mariamu alifanya kazi kwa bidii. Mama yake Rufo alimtunza Mtume kama mwanawe. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho katika orodha ile. Kila mmoja ana kazi yake, na kazi hiyo yatajwa mbele ya wote.

Orodha ya mahafali yaweza kuandikwa hivyo hivyo.

5. Jinsi ya kufanya

Kwanza, daftari la mema. Kila mwalimu wa darasa awe na daftari dogo, na kila wiki aandike jambo moja jema alilolishuhudia kwa watoto wawili. Mwaka wa masomo una siku 194, yaani wiki kama 39. Watoto wawili kwa wiki ni watoto 78 kwa mwaka. Hata darasa la watoto 70 litakuwa limeenea, na hakuna atakayefika darasa la saba bila neno lake. Yaandikwe mambo ya kweli. Mtoto hutambua upesi sifa ya uongo, nayo humwumiza kama dharau.

Pili, sifa zisingoje Septemba. Mwalimu wa zamu aweza kutaja jambo moja mstarini asubuhi: darasa lililotunza miche wakati wa kiangazi, mtoto aliyerudisha fedha aliyoiokota, kiranja aliyegawa uji bila upendeleo. Dakika mbili zatosha.

Tatu, siku ya mahafali kila mhitimu aitwe kwa jina pamoja na jambo lake moja. Watoto 52 wakipewa nusu dakika kila mmoja, ni dakika 26. Hotuba za meza kuu mara nyingi hupita hapo. Zawadi za masomo zitolewe, na pia ya mahudhurio, ya maendeleo, ya usafi na ya kuwasaidia wenzao. Ikiwa nafasi zitatajwa, watajwe watatu wa kwanza, na orodha nyingine abaki nayo mwalimu ofisini, azungumze na kila mzazi faraghani.

Nne, gharama zisimtenge mtoto. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, wazazi waliondolewa ada na michango ya lazima. Lakini siku hizi tunaona hata katika shule za msingi majoho ya kukodi, keki na picha za kulipia. Mwenye nacho asikatazwe kumnunulia mwanawe zawadi. Ila jambo la shule nzima liwe lile ambalo wote wanaliweza. Sare safi ni vazi tosha. Makande yanayoliwa na wote ni karamu kuliko pilau inayoliwa na waliochanga, huku wengine wakichungulia dirishani.

6. Na sisi wa mtaa huu?

Wapo wanaosema, "Shule ile si yetu tena." Ni kweli kwamba shule nyingi za msingi zilianzishwa na misheni, na kwamba baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ziliwekwa chini ya Serikali. Lakini watoto hawakuhama. Ni wale wale wanaotoka katika nyumba zetu, wa Kikristo na wa Kiislamu pamoja, na kengele ya shule twaisikia sote.

Yatupasa tuhudhurie mkutano wa wazazi, si mahafali peke yake. Fundi seremala aweza kutengeneza madawati mawili yaliyovunjika. Akina mama wanaouza sokoni wanajua mtoto gani hupita bila kula. Wazee waweza kumwambia mwalimu yale anayoyaona njiani yeye akiwa darasani. Kama mtu mmoja tu angalituambia habari za yule binti na mvulana wa darasa la pili, tusingalisubiri mpaka amemaliza shule.

Twaandika haya tukiwa tumestaafu, wala hatuwezi tena kurudi siku ile na karatasi nyingine. Lakini Septemba inakuja, na karatasi ya mwaka huu bado haijaandikwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika shule iliyo karibu nawe, ni mambo gani yalisifiwa siku ya mahafali yaliyopita? Ni mambo gani yalinyamaziwa?

2. Taja mtoto mmoja usiyemzaa ambaye umeona akifanya jambo jema mwaka huu. Je, mwalimu wake anajua? Je, wazazi wake wanajua?

3. Someni tena Warumi 16:1–16. Kama orodha ya namna ile ingeandikwa kuhusu watoto wa mtaa wetu, ungeandika nini karibu na kila jina?

4. Mtoto wako akirudi na karatasi ya matokeo, swali la kwanza unalomwuliza ni lipi? Laweza kubadilishwa?